Athanas Haruhusiwi Kuingia

Fundi wa mfumo hana sifa. Mfumo ukienda vizuri hakuna anayemkumbuka. Ukigoma, jina lake liko kinywani mwa kila mtu, tena pamoja na la mama yake. Yasmin binti Kibwana aliyajua hayo kabla hajaajiriwa, akaajiriwa hivyo hivyo. Chumba chake kiko nyuma ya maabara, katika hospitali moja ya misheni mjini Morogoro, chumba chembamba chenye kiyoyozi kinachokoroma na dirisha linaloutazama mlima. Mlima wenyewe huonekana asubuhi tu. Ikifika saa nne mawingu yameushukia hadi kiunoni, na Yasmin anarudisha macho kwenye kompyuta.

Ni mtoto wa mtaa wa Mwembesongo, binti wa Mwajuma muuza vitumbua. Alisoma Mzumbe, akatoka na shahada na aibu, na katika viwili hivyo aibu ndiyo iliyokuwa kubwa. Siku yake ya kwanza kazini alikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kuthubutu kuuliza choo kiko wapi. Aliyeligundua hilo ni mkuu wake, Mzee Athanas, naye hakumwuliza kitu mbele ya watu. Alisimama tu, akajinyoosha, akasema kama mtu anayejisemea, "Ngoja nikaone kama choo cha pale nyuma ya jenereta kina maji leo." Yasmin alimpenda tangu siku hiyo, akampenda kama mzazi.

Athanas alikuwa Mluguru wa juu, wa huko Mgeta kwenye mashamba ya karoti na njegere, Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha seva. Mfumo wa hospitali aliutengeneza yeye, peke yake, enzi zile wenzake waliona kompyuta ni taipureta yenye kiburi. Mapokezi, maabara, dirisha la dawa, vyote vilipita mikononi mwake. Na kila Ramadhani alikwenda kula chakula chake cha mchana kwenye chumba cha jenereta, katikati ya harufu ya dizeli, asije akala mbele ya mtu aliyefunga. Yasmin alimkataza mara nyingi. Alijibiwa kwamba dizeli inaongeza ladha.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani ziliangukia pamoja, wakafunga wote wawili. Mchana walitazamana, hakuna mwenye hotpoti, wakacheka mpaka watu wa maabara wakaja kuchungulia. Kabla mfungo haujafika mwisho, Athanas alipanda kwao Mgeta kwenda kuangalia shamba. Alilala Jumamosi akiwa mzima. Jumapili hakuamka.

Sasa, Waluguru na mambo ya marehemu si watu wa haraka. Mtu akifa, vitu vyake haviguswi mpaka siku ya kumaliza tanga, ukoo ukae, kila mwenye haki aitwe, jembe lijue linakwenda kwa nani. Kupekua vya marehemu kabla ya siku hiyo ni kukosa adabu, tena adabu ile ambayo mama yako ndiye atakayeulizwa alikuwa wapi. Yasmin ni Mluguru wa mjini, na ni Mwislamu, lakini malezi ni malezi. Kikombe cha Athanas alikiacha pale pale mezani, na miwani juu ya kikombe. Na yale mafaili ya mipangilio ambayo Athanas aliyaandika kwa mkono wake ndani ya seva, hakulifungua hata moja. Wakaguzi walikwisha kuagiza kwamba akaunti za watu wasiokuwepo kazini zifungwe. Kila alipokumbushwa, Yasmin alijibu, "Baada ya tanga." Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na mtu aliyelelewa kwingine huenda asingelifanya.

Tanga lilimalizwa Jumamosi moja ya masika, barabara ya Mgeta ikiwa tope tupu. Hospitali ilitoa gari, na katibu wa hospitali, Bwana Hashimu, alikwenda mwenyewe. Hashimu ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo ni mtani wa nusu ya nchi hii, naye alifanya kazi ya mtani barabara. Alisimama mbele ya ukoo wote akadai kwamba mrithi halali wa shamba la njegere ni yeye, kwa sababu marehemu alikufa hajamrudishia mwavuli wake. Watu waliokuwa wakilia walicheka, na waliokuwa wakicheka wakalia, kama inavyotakiwa.

Aliyeshika shughuli ni Filomena, dada mkubwa wa Athanas, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Kule mlimani ardhi ni ya ukoo wa mama, ndio wanaouita lukolo. Mtoto hamrithi baba, mpwa ndiye anayemrithi mjomba. Kwa hiyo Elia, mtoto wa Filomena, ndiye aliyekalishwa mkekani, akapewa jembe, mundu na jina la marehemu, na tangu saa ile watoto wa Athanas walitakiwa wamwite baba. Alikuwa kijana tu, na ukubwa ule wa ghafla ulimfanya atazame chini. Faraja, binti wa Athanas, akapiga magoti mbele yake akaomba ruhusa ya kuvuna karoti alizopanda na baba yake. Elia akasema avune, na msimu ujao apande tena. Hata redio ilipata mwenyewe siku hiyo, na kandambili pia.

Shughuli ilipotulia Yasmin alimsogelea Filomena. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe uliyekuwa unamlisha mdogo wangu dizeli?"

Watu wakacheka, Yasmin akaficha uso kwa mtandio. Filomena akamvuta akae karibu naye. "Na huko kazini je? Vitu vyake mmeshavigawa?"

"Hana vitu kule, shangazi. Kikombe na miwani tu, nimekuja navyo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Jumatatu asubuhi, moyo ukiwa mweupe kwa kuwa tanga limekwisha, Yasmin alifunga akaunti ya Athanas.

Hapa msomaji avumilie kidogo. Taarifa zote za hospitali, majina ya wagonjwa, vipimo na dawa, zimewekwa mahali pamoja, kwenye hifadhidata, tuliite ghala. Madirisha ya hospitali hayaingii ghalani moja kwa moja. Kufungua mlango wa ghala ni kazi nzito kwa mashine, na wote wakibisha kwa pamoja ghala linazidiwa. Kwa hiyo katikati pamewekwa programu ndogo ambayo Athanas aliiita Bawabu. Bawabu hutangulia kuingia ghalani, akafungua milango michache, akaiacha wazi. Dirisha likija na hodi yake, hulikagua jina na nywila, kisha huliazima mlango mmoja; likimaliza, mlango ule ule hupewa dirisha jingine. Na mlango uliokaa wazi muda mrefu, Bawabu huufunga akafungua mpya. Ni kijiprogramu cha adabu sana. Jambo moja tu Yasmin hakulijua, kwa kuwa hakupekua: Bawabu mwenyewe huingia ghalani kwa jina la nani?

Basi alifunga akaunti, akasubiri. Hakikutokea kitu. Mapokezi waliendelea kuandikisha, dawa ziliendelea kutoka. Yasmin akanywa chai yake na andazi, akajiambia kumbe lilikuwa jambo dogo, na akaona uchungu kidogo kwamba limekuwa dogo hivyo.

Milango iliyokwisha kufunguliwa haikuwa na habari ya kufungwa kwa mtu. Ilikaa wazi, ikatumika, mpaka mmoja mmoja ukafikia muda wake. Hapo ndipo Janeth wa mapokezi alipopiga simu. "Dada Yasmin, kwangu kumekataa. Ila maabara wanasema kwao kunakubali." Baada ya kitambo kidogo kwa Janeth kukakubali, maabara kukakataa. Kosa la namna hiyo, linalokuja na kuondoka, ndilo linalowazeesha mafundi kabla ya wakati. Yasmin alibadilisha waya. Alizima kompyuta ya Janeth akaiwasha. Alimwambia Janeth aandike nywila yake upya, polepole, herufi kwa herufi, mpaka Janeth akanuna, akasema yeye ana diploma na si mtoto wa chekechea.

Kisha madirisha yote yakazimika. Ilikuwa Jumatatu, siku ya watu wengi. Kina mama wenye watoto mgongoni walijaa ukumbini hadi barazani, wengine wameshatandika kanga sakafuni, na minong'ono ilianza kupanda. Yasmin alirudi chumbani kwake mbio, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akafungua faili la Athanas: kumbukumbu za Bawabu, mahali anapoandika kila anachokifanya.

Ilikuwa mistari mirefu inayofanana, Kiingereza kikavu cha mashine, na maana yake ilikuwa moja. Athanas haruhusiwi kuingia. Athanas haruhusiwi kuingia. Kila dirisha lilipobisha, Bawabu alikwenda ghalani kwa jina la Athanas, na ghala likamrudisha mlangoni. Mstari mmoja ulitosha, lakini Yasmin alisoma ukurasa mzima. Hakuwa mtu wa kuamini vizuka. Hata hivyo alimwona Mzee amesimama nje kwenye mvua, hotpoti mkononi, anabisha kistaarabu kama kawaida yake, na aliyemfungia mlango ni yeye Yasmin.

Akamfungulia. Ni amri moja fupi. Hazikupita dakika nyingi akasikia kelele ya furaha ya Janeth kutoka ukumbini, na sauti ya kwanza ya jina la mgonjwa likiitwa. Yasmin alifurahi sana, na ukweli usemwe, furaha yake haikuwa ya hospitali peke yake.

Hashimu aliingia bila hodi, akakaa kwenye kiti cha Athanas, akakumbuka ni cha nani, akasimama. "Ilikuwa nini?"

Yasmin hakuzoea kusema uongo. "Nilifunga akaunti ya Mzee, Katibu. Kumbe mfumo wote unaingia kwa jina lake."

"Unaniambia hospitali hii inaendeshwa na marehemu?"

"Ndiyo."

"Waluguru nyie! Hata mkifa hamwachii watu nafasi!" Alicheka kicheko cha mtani, kisha kikakatika. Alivuta mlango akaufunga, akashusha sauti. "Sikiliza, binti yangu. Kuna kampuni ya Dar imeleta mfumo wake. Wakubwa wameuona, wameupenda, una rangi rangi. Mimi ndiye ninayewazuia. Wakaguzi wanarudi wiki ijayo. Wakikuta akaunti ya mtu aliyezikwa ndiyo inayofungua kila mlango, hawataniuliza Athanas alikuwa nani. Watasema mfumo wa mtu mmoja, mtu kafa, na mfumo ufe. Nitajibu nini?"

Hashimu hakungoja jibu.

"Ondoa jina, kazi yake ibaki. Au acha jina, kazi yake iondoke. Vyote viwili siwezi kukutetea."

Usiseme hilo ni jambo la kitaalamu tu. Yasmin alilibeba wiki nzima kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, hawezi kuinama wala kugeuka. Nyumbani mama yake alimwona anachezea vitumbua sahanini. "Umeachwa?" Mwajuma aliuliza, maana kwa mama kila huzuni ya binti ina mwanaume ndani. Yasmin alisema hapana, ni kazi. Mwajuma hakuamini, akamwongezea kitumbua.

Katikati ya wiki alitengeneza nakala ya ghala, ya kujaribia, ili akikosea asimkoseshe mgonjwa dawa. Kwenye nakala ile akaamuru jina la Athanas lifutwe kabisa. Mashine ikakataa. Ilisema mtu huyu hawezi kufutwa, kuna vitu vinavyomtegemea. Kisha ikaanza kuvitaja: majina ya wagonjwa, vipimo, dawa, vitanda, zamu za wauguzi, kadi za kliniki za watoto. Viliteremka kwenye kioo, vikateremka, mpaka Yasmin akaweka mkono kifuani.

*Hana vitu kule, shangazi. Kikombe na miwani tu.* Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe ghala zima lilikuwa la Athanas! Kila rafu iliyomo aliijenga yeye, na katika hifadhidata aliyejenga ndiye mwenye mali mpaka akabidhi. Hakukabidhi, kwa sababu alipoanza hakukuwa na mtu wa kumkabidhi. Na Yasmin alikwenda kumfungia mlango mtu ambaye mali yake haijagawiwa. Mlimani hata kandambili ilipata mwenyewe kwanza, ndipo watu wakaondoka.

Alichagua kufanya kazi Jumapili, kliniki zikiwa zimefungwa na dharura peke yake ikiandika kwenye karatasi. Janeth, ambaye kununa kwake hakudumu, alikuja moja kwa moja kutoka misa ya kwanza, na gauni lake la kanisani, ili amsaidie kujaribu madirisha. Walianza na swali la mwenye mali mpya. Yasmin aliandika jina lake mwenyewe, akalitazama. Je, naye akifa? Au akiolewa Tanga? Msichana mwingine atakaa kwenye kiti hiki na kusoma kwamba Yasmin haruhusiwi kuingia. Akalifuta. Mlimani jina hupewa mtu ili liishi, na ni sawa. Lakini mashine haihitaji ukoo, inahitaji jina lisilokufa. Akaandika jina ambalo si la mtu yeyote, *ghala*, jina ambalo halina hata nywila ya kuingilia, kazi yake ni kumiliki tu. Kila alichomiliki Athanas kikahamia huko kwa amri moja.

Kisha kila dirisha akalipatia jina lake la kuingilia, mapokezi peke yake, maabara peke yake, dawa peke yake, ili Bawabu aliingize ghalani kwa jina hilo na si la Athanas. Akamwambia Janeth abishe hodi.

"Kumekataa," Janeth alisema.

Bawabu alikuwa anasema hamjui mtu wa jina hilo. Haki yake, hakuna aliyemtambulisha. Yasmin akamtambulisha. Janeth akabisha tena. Safari hii Bawabu alikubali kwamba jina analijua, ila ghala likasema nywila si sahihi. Waliiandika upya, wakaisoma kwa sauti, wakaibadilisha ikawa jina la mbuzi wa bibi yake Janeth, bado si sahihi. Walihangaika mpaka jua likahama dirisha. Tatizo, Yasmin alipoligundua, lilimfanya apige paja. Nywila haihifadhiwi kama ilivyo, husagwa kwanza ili mwizi asiisome. Athanas alimfundisha Bawabu usagaji wa zamani, nalo ghala tangu lifanyiwe marekebisho lilikuwa linasaga kwa mtindo mpya. Mahindi yale yale, unga tofauti, na hakuna aliyekuwa mwongo. Akamfundisha Bawabu usagaji mpya.

"Nimeingia!" Janeth akapiga makofi. Kisha, "Mh. Inasema sina ruhusa."

Yasmin alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu Jumatatu. Mgeni akikaribishwa sebuleni hajapewa funguo za jikoni. Zamani madirisha hayakuwahi kukutana na neno hilo, kwa sababu Bawabu aliyaingiza yote kwa jina la mwenye mali. Maana yake ni kwamba kwa miaka yote hiyo, yeyote aliyekaa dirisha la dawa angeweza kufuta hospitali nzima kwa bahati mbaya, na aliyekuwa akilinda ni Mungu tu. Sasa Yasmin alikaa na kutoa ruhusa moja moja. Maabara waandike vipimo. Dawa wasome vipimo, wasivibadilishe. Mapokezi waandike majina, wasiguse dawa. Aliifanya kazi hiyo polepole, na katikati yake alimkumbuka Faraja amepiga magoti kwa ajili ya karoti, na jinsi alivyoinuka akiwa na uso mwepesi.

"Sasa jaribu mgonjwa mpya."

"Wa zamani wanaonekana. Mpya hataki. Kwa hiyo tangu leo Morogoro haugui mtu mpya?"

Kile kihesabio kinachotoa namba ya mgonjwa mpya nacho ni kitu cha peke yake, na kilikuwa kinasubiri ruhusa yake. Yasmin alimpa Janeth ruhusa. Janeth akamwandikisha mgonjwa wa kujaribia, akamwita Mbuzi wa Bibi, akampa namba, wakahamia dirisha la maabara wakampima, na la dawa wakampa panadoli. Halafu wakamfuta, maskini.

Likabaki moja. Yasmin aliandika amri ya kulifuta jina la Athanas na mikono yake ikakataa kumalizia. Janeth alisimama nyuma yake, akamwekea kiganja begani. Yasmin akasema, "Bismillahi. Mzee, unisamehe," akabonyeza. Safari hii mashine haikukataa. Haikutaja kitu kinachomtegemea, kwa kuwa hakikuwepo tena. Janeth akapiga ishara ya msalaba.

Wakaguzi walikuja, wakachungulia, wakauliza maswali ya kuonekana wameuliza, wakala wali kwa kuku na kuondoka. Hashimu alipita mlangoni akasema mfumo unabaki, na kwamba yeye sasa anataka shamba lake la njegere. Watu wote walifurahi. Yasmin alitabasamu inavyopasa, lakini ndani alikuwa mzito. Alijua amefanya sawasawa, na bado alijisikia kama mtu aliyemtoa mzazi wake nyumbani ili nyumba ipigwe rangi. Alianza kwenda kusimama mapokezi asubuhi, eti anaangalia kama mfumo unakwenda vizuri. Ulikuwa unakwenda vizuri.

Ni pale mapokezi Filomena alipomkuta, siku ya kliniki ya presha. Alishuka kutoka Mgeta tangu alfajiri, viatu vina tope, begani ana furushi la njegere.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Shika hizi." Alimtwika furushi, akamgeukia Janeth, akataja jina lake. Janeth akaandika. Faili likafunguka mara moja, namba ikatoka. Filomena aliitazama ile kompyuta kwa jicho la mwenye mali. "Huu si ndio ule mtambo wa mdogo wangu?"

"Ndio, shangazi."

Yasmin angeweza kuishia hapo. Lakini lile swali la siku ya tanga lilikuwa linamdai. "Shangazi, nilikudanganya siku ile. Sikujua kama nakudanganya. Alikuwa na vitu vingi huku. Mtambo wote ulikuwa wake, na kila mlango ulikuwa unafunguliwa kwa jina lake, hata baada ya msiba. Sasa nimevikabidhi. Nimelitoa jina lake." Alilikumbatia lile furushi la njegere. "Halimo tena."

Filomena aliiacha namba yake pale kaunta. Foleni nyuma yake ikasogea, maana foleni ya hospitali ina masikio.

"Ngoja nikuelewe. Tangu tumzike, alikuwa bado anafanya kazi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Usiku na mchana?"

"Usiku na mchana."

"Hata Pasaka?"

"Hata Pasaka."

"Ee Mungu wangu!" Filomena akashika kaunta kwa mikono miwili. "Mimi kila asubuhi napiga magoti, naomba mdogo wangu apumzike, apumzike, kumbe nyie huku mnamtuma!"

Alicheka, sauti ile ya kuita ng'ambo ya bonde, mpaka ukumbi mzima ukageuka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena, akayafuta kwa ncha ya kanga. Kisha akanyoosha mkono juu ya kaunta akamshika Yasmin shavu.

"Na sasa hamumtumi tena?"

"Hatumtumi tena, shangazi."

"Na kazi inakwenda?"

"Inakwenda."

"Haya," alisema Filomena, akachukua namba yake. "Basi ndio amepumzika. Mwanangu, na wewe nenda kale."